Ghorofa Kwanza, Chemba Baadaye

Kiwanja cha kawaida cha Kariakoo, Dar es Salaam, kilipimwa kwa ajili ya nyumba moja ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma, na choo cha shimo kwenye pembe ya ua. Wapimaji wa enzi za ukoloni hawakuwa na sababu ya kuwaza zaidi ya hapo. Tangu miaka ya 1990 kiwanja kilekile kimebebeshwa ghorofa sita, nane, kumi na kuendelea. Utaratibu wake unajulikana mji mzima. Mwenye kiwanja, mara nyingi familia iliyorithi nyumba ya babu, analeta ardhi; mwekezaji analeta fedha; jengo likikamilika wanagawana sakafu, au mwekezaji anakusanya kodi kwa miaka waliyokubaliana ndipo jengo lirudi kwa wenyewe. Chini kuna fremu, juu yake stoo, juu zaidi ofisi, nyumba za wageni na makazi. Wanunuzi wanatoka Lubumbashi, Lusaka, Bujumbura na Moroni. Mwanzoni mwa 2025 serikali ilizindua rasmi biashara ya saa 24 katika eneo hilo. Watu, sakafu na saa za kazi vyote vimeongezeka, na kila kimoja kimeongeza maji yanayotoka vyooni. Bomba lililo chini ya mtaa halikukua kwa kadiri hiyo.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba sisi ni maskini, miundombinu ya majitaka ni ghali, basi tusubiri mfadhili. Kwa vijiji na kwa makazi ya kipato cha chini, maelezo hayo yana ukweli mwingi. Kwa Kariakoo hayasimami. Hili ni eneo ambalo mpangaji anatoa kilemba cha fedha nyingi ili apewe tu ruhusa ya kuanza kulipa kodi ya fremu. Fedha ya bomba ilikuwapo, na ilipita palepale, ndani ya thamani ya ardhi, kila mara kibali cha kujenga ghorofa kilipotolewa. Kiwanja kilichokuwa na thamani ya nyumba ya vyumba sita kiliamka kikiwa na thamani ya jengo la sakafu kumi, na tofauti hiyo haikutokana na jasho la mwenye kiwanja peke yake. Ilitokana pia na muhuri wa halmashauri, barabara, umeme, na dhana kwamba choo cha sakafu ya kumi kikivutwa, maji yatakwenda mahali. Dhana hiyo ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeidai ilipiwe.

Ili kuona kwa nini ilipaswa kulipiwa mapema, hebu tushuke kwenye chemba. Bomba la majisafi husukumwa kwa pampu, kwa hiyo laweza kupanda, kushuka na kukata kona. La majitaka hutegemea mteremko. Bomba la inchi sita hulazwa lishuke kwa kadiri ya mita moja katika kila mita mia, ili maji yaende kwa kasi ya kukokota kinyesi, mchanga na mafuta ya vyungu vya mama lishe. Yakienda polepole taka inatua, mafuta yanaganda, njia inakuwa nyembamba. Ukilizidishia maji kuliko lilivyopimwa, bomba linajaa mpaka juu, na maji yanatafuta tundu la karibu lililo chini kuliko mengine yote: kifuniko cha chemba barabarani, au choo cha sakafu ya chini cha jengo lililo upande wa mteremko. Anayeongeza sakafu ya tisa, kwa hiyo, hasikii harufu. Anayeisikia ni muuza vitenge wa mtaa wa pili, anayefunga fremu saa sita mchana akisubiri watu wa kuzibua, huku kodi yake ya mwezi ikibaki vilevile. Wala huwezi kupanua kipande kimoja cha bomba ukaridhika, kwa sababu kipande kinachofuata ndicho kitakachofurika, na kinachofuata baada ya hicho, mpaka ufike kwenye mabwawa ya majitaka au baharini. Hakuna mwenye jengo mmoja, hata awe tajiri namna gani, anayeweza kutatua tatizo hili mwenyewe kwa faida yake. Ama bomba linajengwa kwa pamoja, ama halijengwi.

Wapo watakaosema kwamba mji huu umeishi bila mabomba na haujafa. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya Dar es Salaam haiko kwenye mtandao; makadirio ya kawaida yanaweka waliounganishwa karibu asilimia 10 tu. Wengine wote wana vyoo vya shimo au makaro, na magari ya kunyonya yanapeleka majitaka kwenye mabwawa kama ya Vingunguti. Kwa Chanika au Kimara, ambako kiwanja kina nafasi na ardhi inaweza kunyonya maji ya karo, huo ni mpango wa busara, na anayetaka kulaza mabomba kila kichochoro cha jiji atafilisi serikali bila kumsaidia mtu. Lakini chukua jengo la Kariakoo linalotoa lita 20,000 za majitaka kwa siku, kiasi kisicho cha kupindukia kwa nyumba yenye wageni, wapangaji na wateja. Kwa gari la lita 10,000 hizo ni safari mbili kila siku, sitini kwa mwezi, kwa jengo moja, katika mitaa ambayo mkokoteni wenyewe unapita kwa kugombana. Na ardhi ya kunyonya haipo, maana jengo limekaa kutoka bikoni hadi bikoni. Hesabu ikishindikana watu hutafuta njia yao, na jiji lote linaijua: mvua kubwa ikianza, makaro na vyoo hutapishwa kwenye mitaro, na Mto Msimbazi unapokea. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kuenea katika sehemu kubwa ya nchi. Ugonjwa huo haukuanzia Kariakoo, na mahali pa kuanzia si muhimu sana. Mji unaotapisha kwenye mitaro unaukaribisha popote.

Kwa nini basi fedha haikudaiwa? Tazama nani anashika nini. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri ya jiji. Mabomba ni ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji. Bei ya huduma yake inaidhinishwa na mdhibiti, EWURA. Barabara ambayo bomba litapita chini yake iko mikononi mwa wakala wa barabara, TARURA au TANROADS. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa ya halmashauri, ilihamishiwa kwa mamlaka ya mapato, TRA, na tangu Julai 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ofisi inayoruhusu sakafu ya kumi siyo itakayosumbuliwa na majitaka ya sakafu hiyo, na ofisi itakayosumbuliwa haina neno wakati wa kuiruhusu. Mtumishi wa DAWASA anaweza kuandika barua ya ushauri, na barua ya ushauri ina uzito wa karatasi. Kila moja kati ya taasisi hizi inaweza kuwa inafanya kazi yake kwa mujibu wa sheria, na chemba ikafurika vilevile.

Kodi ya majengo yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana wengi huiona ndiyo jibu. Viwango vilivyopandishwa mwaka 2023 ni shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na shilingi 90,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Jengo la sakafu kumi linalipa shilingi 900,000 kwa mwaka. Uzuri wa mfumo huu ni urahisi: haukwepeki, hauhitaji mthamini, hauna mlango wa rushwa. Ubaya wake ni kwamba haujui jengo liko wapi. Sakafu kumi za Kariakoo zinalipa sawasawa na sakafu kumi za mji wa mkoani ambako nusu ya vyumba vimekaa bila mpangaji. Tuseme sasa unataka kukopa shilingi bilioni moja kwa miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5, urejeshe kwa awamu sawa za mwaka. Utahitaji takriban shilingi milioni 188 kila mwaka. Hiyo ni kodi yote ya sakafu zaidi ya 2,000, majengo mia mbili na ushei ya ghorofa kumi, na hapo hujabakiza senti ya taa za barabarani. Geuza hesabu sasa. Tuseme, kwa mfano tu, kila sakafu inayoongezwa juu ya ile ya kwanza ingetozwa milioni 20 mara moja, siku ya kuchukua kibali. Majengo sita ya sakafu kumi yangezaa bilioni moja na milioni themanini, bila riba. Mtu anaweza kubishana kuhusu milioni 20 kama ni nyingi au chache. Wahandisi na wathamini wapo kwa kazi hiyo. Kisichobishaniwa ni ukubwa wa tofauti kati ya njia hizi mbili.

Riba ya asilimia 13.5 sikuichukua hewani. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba hiyo, na wanunuzi wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Fedha ile ilikuwa ya majisafi, ambayo ni rahisi kuuzia mwekezaji, kwa kuwa mteja asiyelipa anakatiwa. Majitaka hayakatiki kirahisi hivyo. Lakini Tanga imeonyesha kwamba mamlaka ya maji ya Tanzania inaweza kwenda kwenye soko la mitaji la nyumbani, ikakopa kwa shilingi, na ikaaminika. Mkopo wa shilingi una faida moja ambayo haitajwi vya kutosha: mapato ya bomba ni ya shilingi, na dola ikipanda deni halipandi nayo.

Miji iliyotutangulia haikuwa na hekima kuliko yetu. Ilibanwa mapema zaidi. Chicago mwaka 1850 ilikuwa na watu karibu 30,000, na mwaka 1860 zaidi ya 112,000. Ulikuwa mji wa biashara ya nafaka, mbao na reli, uliokaa juu ya tope, futi chache tu kutoka usawa wa Ziwa Michigan, bila mteremko wa kulaza bomba. Kipindupindu cha 1854 kiliua zaidi ya watu 1,400. Mwaka uliofuata bunge la jimbo la Illinois likaunda bodi ya majitaka yenye uwezo wa kukopa kwa hatifungani, na mhandisi Ellis Chesbrough akaletwa kutoka Boston. Kwa kuwa hakuweza kushusha bomba chini ya ardhi, aliamua kulilaza juu ya barabara zilizopo, kisha barabara zifukiwe mpaka zilifunike. Majengo yakabaki mashimoni. Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Mji ulibeba gharama ya mabomba kwa mkopo uliolipwa kwa kodi. Gharama ya kuinua jengo ilikuwa ya mwenye jengo. Na wenye majengo walilipa. Mwaka 1860 nusu nzima ya mtaa wa maduka katika Lake Street, ya matofali, iliinuliwa kwa jeki 6,000 na wafanyakazi wapatao 600, kwa siku chache, maduka yakiendelea kuuza. Wafanyabiashara wale hawakuwa wapenzi wa afya ya jamii. Walipiga hesabu kwamba duka lililo kwenye barabara kavu, yenye bomba, lina thamani kubwa kuliko gharama ya jeki.

Chicago hiyohiyo inatoa onyo. Bodi ilikusanya majitaka kwa ustadi na kuyamwaga kwenye mto, mto ukayapeleka ziwani, na ziwani ndiko mji ulikokuwa unachota maji ya kunywa. Ikabidi lichimbwe handaki la maili mbili chini ya ziwa ili maji yachotwe mbali zaidi, likaanza kutumika 1867, na mwishowe mto wenyewe ukageuzwa uelekee upande mwingine kwa mfereji wa maili 28 uliofunguliwa Januari 1900. Kukusanya bila kusafisha ni kuhamisha tatizo. Kwetu, sehemu ya majitaka ya katikati ya jiji imekuwa ikiishia baharini kupitia bomba la upande wa Ocean Road, na yeyote anayependekeza kuongeza mabomba ya Kariakoo lazima aseme kwanza yatamwaga wapi.

Hapo ndipo hoja ya mikopo ya nje inapopata nafasi yake halali. Benki ya Dunia mwaka 2017 iliidhinisha dola milioni 225 kwa ajili ya maji na majitaka ya Dar es Salaam, na Korea Kusini imekopesha kwa ajili ya mitambo ya kusafisha majitaka. Riba ni nafuu, muda ni mrefu. Kwa nini basi kuwabana wenye majengo? Kwa sababu deni la serikali linalipwa na Watanzania wote, akiwamo mkulima wa mahindi wa Namtumbo, na thamani ya kiwanja cha Kariakoo haimfikii. Mtambo wa kusafisha na bomba kuu la kwenda huko vinalinda mto, pwani na afya ya watu wengi. Hivyo ni haki vilipiwe na wengi. Mabomba ya mitaa yanayokwenda mlangoni mwa ghorofa fulani yanampa thamani mwenye ghorofa fulani. Huyo alipe. Kuna pia jambo la muda: mradi wa mkopo wa nje huchukua miaka kadhaa kati ya wazo na mtaro wa kwanza, na Kariakoo katika miaka hiyo huotesha mtaa mzima wa ghorofa.

Pingamizi zito zaidi ni la uaminifu. Mfanyabiashara atauliza: nikitoa milioni mia na themanini za sakafu tisa za juu kwenye kibali, nina hakika gani kwamba zitakuwa bomba na hazitakuwa magari ya viongozi? Swali ni la haki, na jibu la “tuaminini” halitoshi. São Paulo ilijaribu jibu la kisheria. Kuanzia 2004 jiji hilo la Brazili limekuwa likiuza, kwa mnada wa hadhara kupitia soko la hisa, hati zinazompa mjenzi haki ya kujenga zaidi ya kiwango cha kawaida katika maeneo maalumu kama Faria Lima na Água Espraiada. Fedha inayopatikana inafungwa: sheria inataka itumike ndani ya mipaka ya eneo lilelile, kwa kazi zilizotajwa kabla. Bei haipangwi na ofisa, inatokana na ushindani. Mfumo huo umeingiza fedha nyingi sana. Umelaumiwa pia, kwa haki, kwamba barabara na daraja la kifahari vilitangulia, na nyumba za wakazi wa mabanda ya eneo hilo zikachelewa. Kufunga fedha ndani ya eneo kunazuia isihamishwe. Hakuzuii ndani ya eneo lenyewe wakubwa wakatanguliza wanachokitaka. Kwa Kariakoo ningetaka masharti yawe finyu kuliko ya São Paulo: akaunti moja, kazi moja, majitaka tu, na ramani ya mabomba inayobandikwa hadharani ikionyesha mtaa upi unafuata.

Kisha kuna mpangaji. Inasemwa kwamba mwenye jengo hatalipa kitu, ataongeza kodi ya fremu, na mzigo utamwangukia muuza nguo za mtoto. Kwa ada ya kila mwezi ya majitaka, hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu ada hiyo ibaki ya kuendesha na kuzibua tu, itozwe hata kwa majengo yanayotumia visima vyake na kwa hiyo hayaonekani kwenye mita ya DAWASA. Tozo ya kibali ina tabia nyingine. Kodi ya fremu Kariakoo haipangwi na gharama alizotumia mjenzi. Inapangwa na wingi wa wateja wanaopita mlangoni. Kama mwenye jengo angeweza kupata zaidi, angekuwa ameshaongeza, na kilemba ni ushahidi kwamba mpangaji tayari anakamuliwa hadi tone la mwisho. Na tukiwaza wanyonge, tumwaze machinga asiye na fremu, anayelipia choo kila akiingia. Kwa uwiano wa kipato, huyo analipia majitaka kuliko mtu yeyote mtaani, na hakuna bomba jipya linalojengwa kwa fedha yake.

Kariakoo yenyewe imeshajengwa kwa sehemu kubwa, na kwa majengo yaliyopo tozo ya kibali imechelewa; hapo itabidi hatifungani, ada, na subira ya kuchimba mtaa kwa mtaa usiku. Lakini Kariakoo nyingine zinaota. Ubungo, ambako mwaka 2025 kulifunguliwa kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, viwanja vya jirani vimeanza kutafutwa. Mbezi, karibu na stendi kuu ya mabasi, na Mbagala, bado zina nyumba za chini zisizo na idadi. Huko tozo ya kila sakafu inaweza kutangazwa sasa, kwa kiwango kinachojulikana na kila dalali, kabla biashara ya viwanja haijachanganya. Kuwahi huko kuna sababu ya kihesabu. Mnunuzi anayejua kwamba kila sakafu itamgharimu milioni kadhaa za bomba atazitoa kwenye bei anayompa mwenye kiwanja. Asiyejua atanunua kwa bei ya ghorofa kumi kamili, na akifika dirishani kuchukua kibali akaambiwa alipie majitaka, atasema hana, na atakuwa anasema kweli, maana fedha ya bomba ameshamkabidhi aliyemuuzia.